Kabla Hujaifungua Droni: Mwongozo Kamili wa Ukarabati na Waranti

Droni ikianguka shambani, mwenyewe huiokota, huipangusa udongo kwa shati, na kabla giza halijaingia ameshaazima bisibisi kwa jirani. Napiga picha za harusi, matanga na mashamba kutoka Kisumu hadi Bungoma, na meza yangu ya ukarabati huku Kondele imepokea vyombo vya wenzangu wengi. Walioumia zaidi hawakuumizwa na mikono mizito. Baadhi yao walifungua chombo ambacho duka lingekitengeneza bure. Wengine walikaa miezi wakisubiri waranti isiyowahusu, huku kutu ikila bodi ya umeme iliyo ndani taratibu.

Mimi mwenyewe niko kwenye kundi la kwanza. Droni yangu ya pili ilikuwa na miezi minne kamera ilipoanza kuinama kushoto kila ikipata joto. Haikuwa imeanguka hata siku moja. Ilikuwa Alhamisi usiku, na Jumamosi nilikuwa na harusi Kakamega. Nikaifungua ili nione utepe wa kamera, yaani ule waya bapa unaoiunganisha na bodi. Skrubu moja chini ya mkono wa nyuma ikakataa. Nikailazimisha kwa bisibisi isiyolingana nayo, kichwa kikaliwa hadi kikawa duara. Ndani sikuona lolote, nikafunga. Dukani kijana aliigeuza, akamulika pale chini kwa tochi ya simu, akaniambia, "Kaka, hii imefunguliwa." Kasoro iliyotoka kiwandani ikawa mzigo wangu kwa ajili ya skrubu moja. Nimeandika mwongozo huu ili isimkute mwingine.

Unazo waranti tatu

Watu husema "waranti" kana kwamba ni kitu kimoja. Ziko tatu, na kila moja huichukulia droni iliyofunguliwa kwa namna yake.

Ya kwanza ni ya mtengenezaji. Hii hulinda kasoro za kiwandani tu. Kuanguka kwa kosa la mrushaji, kulowa, kuungua, na kufunguliwa kinyume cha maelekezo yake, vyote huviweka nje. Tena haina muda mmoja kwa chombo kizima. Chukua jedwali la waranti la kampuni ya DJI la droni zake za Mavic: bodi kuu na rimoti zilipewa miezi 12; kamera na gimbali yake (kishikio kinachoituliza isitikisike), pamoja na mota, miezi 6; betri miezi 6 mradi haijachajiwa mara 200; gamba na propela hazikupewa hata siku moja. Tafuta jedwali la chombo chako ulisome sehemu kwa sehemu. Mtu anaweza kudhani waranti ya kamera yake ingali hai kumbe ilikufa miezi mitatu iliyopita, na hapo kuogopa kufungua hakuna maana. Angalia pia ilikonunuliwa. Watengenezaji wengi huifunga waranti kwenye nchi au eneo la mauzo, kwa hiyo droni uliyoletewa na shemeji kutoka Dubai inaweza kukosa wa kuihudumia hapa nyumbani.

Ya pili ni ya duka, ile inayoandikwa kwa kalamu chini ya risiti: "waranti miezi sita". Hii ni ahadi ya mwenye duka, na masharti yake ni yale mliyokubaliana. Siku ya kununua, mwombe aandike mambo mawili: sehemu zinazohusika, na kama kubadilisha propela au kusafisha mota kunaivunja. Ni sentensi mbili tu, na ugomvi mwingi humalizika hapo hapo.

Ya tatu ni ya sheria, na haitegemei karatasi ya duka. Hapa Kenya, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16, inaweka masharti kuhusu ubora wa bidhaa na kufaa kwake kwa kazi iliyonunuliwa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Lakini angalia mtego uliomo kwenye kile kifungu cha 16: ukiikagua bidhaa kabla ya kununua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Kwa hiyo ukiambiwa "jaribu hapa hapa", jaribu kweli. Washa, zungusha kamera, hesabu skrubu, piga video.

Wengi hutazama video za Wamarekani wanaosema kibandiko cha "ukikitoa waranti imekufa" ni kinyume cha sheria. Kule kwao wana msingi: ipo sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975, na mwaka 2018 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliyaonya makampuni sita kuhusu masharti ya namna hiyo. Sheria hiyo haivuki bahari. Ukiwa Nakuru na kibandiko kimechanika, hutaweza kuitaja mbele ya mwenye duka.

Hatua ya kwanza: jua kama ni kasoro ya kuzaliwa, jeraha, au maji

Ikiwa imeanguka au imelowa, usiwashe tena. Toa betri. Kisha jiulize tatizo limetoka wapi.

Kasoro ya kuzaliwa huja bila kishindo. Gamba halina mkwaruzo, chombo kimetumika kawaida, lakini mota moja imekuwa ikipata moto kuliko zenzake tangu wiki ya kwanza, au betri imevimba ikiwa bado changa, au picha inakatika ukiwa mita hamsini tu kutoka ulipo. Hapa usiguse skrubu. Hata kuchungulia kusikushawishi.

Jeraha ni mkono uliovunjika, gimbali iliyong'oka, mota iliyopinda baada ya kugonga mkaratusi. Hapa waranti ya mtengenezaji ilishajitoa, isipokuwa uweze kuonyesha kwamba kilichoiangusha ni kasoro, kama vile mota kuzima yenyewe hewani. Ukiwa na dalili hiyo, ichukulie kama kasoro ya kuzaliwa na usiifungue.

Usimdanganye mtu wa waranti. Droni ina kumbukumbu za safari: mwinamo, kasi, nguvu ya betri, onyo la kila mota, hadi sekunde ilipogonga. Wakala wa mtengenezaji akizifungua anaona kila kitu. Kumbukumbu hizo hizo zinaweza kukutetea kama huna hatia, kwa hiyo zinakili kutoka kwenye programu ya simu kabla hujafanya masasisho au kufuta chochote.

Kuna hesabu moja ambayo wengi huiruka. Droni iliyoanguka ikiwa na miezi miwili bado ina miezi mingi ya waranti mbele kwa kasoro nyingine. Ukiifungua mwenyewe ili ubadilishe mkono, unaweza kuua waranti ya bodi ambayo haikuwa imeguswa. Omba kwanza bei ya ukarabati wa kulipia kwa wakala anayetambuliwa, uliza kama waranti iliyobaki itaendelea, kisha linganisha. Mimi, miezi ikibaki zaidi ya sita, huwa naipeleka hata kama ni ghali kidogo. Ikibaki miwili, naifungua. Rimoti, chaja na betri zina hesabu yake. Kufungua mwili wa droni si sababu ya kukunyima waranti ya rimoti ambayo hujaigusa. Ukikataliwa kwa hilo, bishana.

Hatua ya pili: ushahidi na ujumbe

Piga picha za pande zote sita, za kila skrubu kwa karibu, na za kibandiko chenye namba ya chombo. Kisha piga video moja, bila kuikata, inayoonyesha tatizo likitokea. Risiti ikiwa imepotea, tafuta ujumbe wa M-Pesa wa siku ile. Unaonyesha tarehe, kiasi na aliyelipwa.

Andika, usipige simu tu. Ujumbe wangu huwa hivi:

"Habari zenu. Nilinunua droni hii kwenu tarehe fulani, risiti namba fulani, namba ya chombo fulani. Tangu wiki jana kamera inainama kushoto baada ya dakika tano hewani. Haijaanguka, haijalowa, haijafunguliwa. Naomba ikaguliwe chini ya waranti. Video na picha nimeambatanisha. Nitashukuru nikijibiwa kwa maandishi."

Mara nyingi mwenye duka atakupigia na kukuambia, "Fungua tu uangalie kama kuna waya umechomoka." Mjibu kwa upole: "Sawa kaka, niandikie hilo kwenye ujumbe ndipo nifungue." Akiandika, umepata ruhusa inayoonekana. Akikataa kuandika, acha chombo kama kilivyo.

Ukizungushwa wiki baada ya wiki, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, ambayo sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Mimi nimeona barua moja ya adabu yenye tarehe na picha ikimaliza mambo kabla ya kufika huko.

Hatua ya tatu: yanayotengenezeka bila kufungua

Mengi hutengenezeka nje. Kamera iliyoinama kidogo, kwa mfano, mara nyingi hunyooka kwa kusawazisha gimbali kwenye programu, droni ikiwa juu ya meza iliyo sawa kabisa. Ningefanya hivyo Alhamisi ile kabla ya kushika bisibisi. Dira isawazishe mbali na gari, mabati na zege yenye nondo.

Propela hubadilishwa kwa jozi. Kwenye droni ndogo zenye propela za skrubu, mota moja hubeba vipande viwili. Badilisha vyote viwili, tena kwa skrubu mpya zilizokuja navyo, kwa sababu zina gundi ya kuzuia kulegea. Skrubu ya zamani imeshapoteza gundi yake.

Watu wa Nakuru wanajua vumbi. Lile vumbi la volkeno la huko Menengai lina chembe zinazovutwa na sumaku, na ndani ya mota kuna sumaku kali. Ukipuliza kwa mdomo, chembe huhama tu kutoka sumaku hii hadi ile. Chukua utepe wa gundi au ule udongo laini wa kubandikia karatasi ukutani, uusokote uwe mwembamba kama kijiti cha kiberiti, uuingize kwenye nafasi ya mota na kuutoa, huku ukiizungusha mota kwa kidole. Utatoka na nukta nyeusi kama mbegu za mchicha. Rudia mpaka mota izunguke bila kukwaruza. Huku kwetu Kisumu adui ni wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi jioni. Hugandana kwenye mota na vihisi. Waondoe kwa brashi laini usiku huo huo, wakikauka wanashika kama ugali kwenye sufuria.

Hatua ya nne: ukiamua kufungua

Toa betri, na uiweke mbali na meza. Betri hizi za lithiamu hazipendi kukaa zimejaa. Kwa kuhifadhi, volti 3.8 hivi kwa kila seli inatosha. Iliyovimba usiichaji, usiitoboe. Iweke nje juu ya zege, na uwe na ndoo ya mchanga karibu.

Vifaa si vingi, lakini viwe vyenyewe: bisibisi za nyota na za msalaba za ukubwa sahihi, kibano cha plastiki, kadi nyembamba ya kufungulia gamba (laini ya zamani ya simu ikiwa bado kwenye kadi yake inafaa), spiriti ya isopropili, multimita (kipima umeme), na chuma cha kulehemu unachoweza kupanga joto lake. Bisibisi ya mia mbili ya barabarani ndiyo iliyonilia skrubu yangu.

Chora umbo la droni kwenye karatasi ya manila. Kila skrubu unayoitoa ibandike mahali ilipotoka kwenye mchoro huo. Usiseme utakumbuka. Ndani ya droni ndogo kuna skrubu zinazofanana sura na kutofautiana urefu kwa milimita moja au mbili, na ile ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi hutoboa bodi kutoka chini. Nimeona bodi nzima iliyokufa hivyo, yenye tundu moja dogo kama la sindano.

Gamba likigoma, kuna skrubu umeisahau au kuna klipu, usikuze nguvu. Likiachia, liinue sentimita mbili tu na uchungulie kwanza. Mara nyingi kuna utepe au waya wa antena unaounganisha gamba na bodi, na ukilivuta kwa haraka unaung'oa. Utepe wa kamera ni mwembamba kama ganda la kitunguu. Soketi nyingi za utepe zina kifuniko cheusi kinachoinuka kama kope. Kiinue kwa ukucha, utepe utoke kwa kunyooka, usiupinde. Waya wa antena una kichwa cha duara cha kubofya. Uinue wima, usiuvute kwa pembeni.

Piga picha kabla ya kila kitu kutoka.

Mota ina nyaya tatu zilizolehemewa kwenye bodi. Ukizibadilishana mbili, mota itazunguka kinyume, na droni itapinduka mara tu ikijaribu kupaa. Picha ndiyo itakayokuokoa hapo. Risasi ya kulehemu ya kiwandani huwa ngumu kuyeyuka na bodi hunyonya joto. Ongeza tone la risasi yako mpya juu ya ile ya zamani, zitachanganyika na kuyeyuka mapema. Chuma kisikae zaidi ya sekunde chache. Kama hujawahi kulehemu kitu kidogo, mpelekee fundi wa simu mwenye mkono mwepesi, wako Kisumu na Nakuru, lakini nenda na mchoro wako na picha zako, ukae naye.

Ukiinua bati la kupozea utakuta malai ya kijivu ya kupitisha joto kati yake na bodi. Ifute yote kwa spiriti na uweke mpya. Bodi iliyofungwa bila malai hiyo hupaa vizuri dakika tatu, kisha hutoa onyo la joto.

Ukinunua bodi ya mtumba, hakikisha muuzaji ameiondoa kwenye akaunti yake. Droni nyingi za sasa hufungwa kwenye akaunti ya mwenyewe, na bodi ya mtu mwingine itakuomba nenosiri usilokuwa nalo.

Ikiwa imelowa

Hapa geuza mawazo yote ya juu. Maji hayamo kwenye waranti ya kawaida, na ndani kuna vibandiko vidogo vyeupe vinavyogeuka vyekundu vikilowa, kwa hiyo siri haipo. Kila saa unayongoja ni hasara. Toa betri na ifungue siku hiyo hiyo. Mchele haufai kitu. Unaacha unga kwenye soketi na hautoi chumvi.

Maji ya Ziwa Victoria ni matamu, lakini yana matope na majani. Ya Ziwa Nakuru ni ya magadi, nayo hula shaba kwa kasi. Droni iliyoanguka kwenye maji ya magadi inataka kuoshwa: bodi isuuzwe kwa maji yaliyosafishwa yasiyo na chumvi, kisha isuguliwe kwa spiriti na mswaki laini mpaka utando mweupe uishe, hasa pembeni mwa soketi. Iache ikauke siku mbili mbele ya feni. Betri iliyozama usiitumie tena hata ikionekana nzima.

Kufunga, kujaribu, na kusajili

Funga kwa kufuata mchoro nyuma kuja mbele. Tone dogo la gundi ya kuzuia kulegea liende kwenye skrubu za mota. Isimwagike kwenye plastiki, inaipasua.

Washa kwanza bila propela. Sikiliza kamera ikijinyoosha, tazama maonyo kwenye programu, sawazisha dira na vihisi, kisha zungusha mota sekunde chache. Zikilia sauti moja, weka propela uende uwanja mpana, alfajiri kabla ya upepo wa ziwa. Kisumu mjini kumbuka uwanja wa ndege uko karibu; kanuni za droni za mwaka 2020 za Mamlaka ya Usafiri wa Anga haziruhusu kurusha karibu nao bila kibali. Paa mita mbili, kaa hapo dakika mbili, tua. Gusa kila mota kwa kidole. Ile iliyo moto kuliko zenzake ina beringi iliyopinda au waya ulioshika nusu, na hairudi hewani mpaka uitazame upya.

Andika kwenye daftari tarehe, ulichobadilisha na picha zake. Siku rimoti au betri itakapokufa ndani ya waranti, peleka daftari hilo pamoja na chombo, useme wazi kwamba mkono wa kulia ulibadilishwa na wewe tarehe fulani. Na ikiwa wakala amekupa droni nyingine badala ya yako, namba ya chombo imebadilika: usajili wako kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga bado una ile ya zamani. Urekebishe kabla ya kazi yako inayofuata.